KUHAMA CHUO KUTAFUTA KOZI YA UHANDISI INAYOKUFAA: TUPITE MLANGONI



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi hufika madrasa kutuomba dua kwa ajili ya vijana wanaokwenda vyuoni. Hilo ni jambo la heri. Lakini siku hizi huja na swali jingine: "Ustadh, mwanangu yupo mwaka wa kwanza wa uhandisi, anasema kozi haimfai, anataka kuhama. Tufanyeje?"

Swali hili niliwahi kulijibu vibaya. Jibu langu liliigharimu familia yetu miaka miwili na bangili za dada yangu. Ndiyo maana mwaka huu nimeomba nafasi katika jarida letu nilieleze jambo hili kwa utaratibu, ili kosa langu liwe somo kwa wengine.

KISA CHENYEWE

Mpwa wangu alikulia Hale, wilaya ya Korogwe, jirani na kituo cha kufua umeme kilichoanza kazi mwaka 1964. Tangu mdogo hamu yake ilikuwa moja tu: mitambo ya umeme, transfoma na nyaya za msongo mkubwa. Mwaka 2018 alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, akapata nafasi katika chuo kimoja kusomea uhandisi wa elektroniki na mawasiliano. Kwa kuwa katika maelezo ya kozi ile neno umeme lilionekana mara nyingi, sote tuliamini amepata alichokitaka. Tukasoma maulidi, tukala pilau, akaenda.

Huko akakuta kozi inahusu zaidi minara ya simu, redio na mitandao. Ni elimu nzuri, lakini siyo aliyoikusudia. Akavumilia miaka miwili bila kusema. Aliporudi likizo akaniambia, "Shikamoo mjomba. Moyo wangu haupo pale." Nami, bila kuuliza chochote kwa yeyote, nikamjibu, "Kama moyo haupo, ondoka. Riziki haipo mahali pamoja."

Akaondoka kweli. Hakuandika barua na aliacha deni la ada. Alipofika chuo cha pili wakamtaka karatasi ya matokeo, barua ya ruhusa kutoka chuo cha kwanza na maelezo ya masomo aliyosoma. Hakuwa na hata kimoja. Chuo cha kwanza nacho kikasema hakitoi matokeo mpaka deni lilipwe. Dada yangu akauza bangili alizopewa na mama yetu siku ya harusi yake, deni likalipwa, karatasi zikatoka. Lakini nafasi ya uhamisho ilikuwa imekwisha kupita. Kijana akaanza upya mwaka wa kwanza, na mkopo wake ukasimama. Amemaliza mwaka 2024, alhamdulillah, lakini kozi ya miaka minne ameisoma kwa miaka sita.

Dada hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

KUHAMA SI AIBU

Kwanza tuondoe dhana mbaya. Wako wazazi wanaoona kijana anayetaka kuhama ni mvivu au ameshindwa. Si lazima iwe hivyo. Katika dini yetu kusafiri na kuhama kwa ajili ya elimu ni mwendo wa watu wema. Nabii Musa (a.s.), pamoja na utume wake, alifunga safari kumtafuta mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo, kama tunavyosoma katika Suratul Kahf. Imam Shafii, ambaye wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu yake, alisoma Makka, akahamia Madina kwa Imam Malik, akafika Iraq, na akafia Misri mwaka 204 Hijria. Masheikh wa pwani yetu nao walikuwa wakienda Lamu kusoma Riyadha kwa Habib Swaleh, kisha wakarudi kufundisha.

Lakini angalieni walivyohama. Mwanafunzi wa zamani hakumkimbia sheikh wake usiku. Aliaga, akapewa idhini, na aliyestahiki alipewa ijaza inayoonesha amesoma vitabu gani na kwa nani. Sheikh wa pili aliitazama ijaza ile akajua aanze naye wapi. Karatasi ya matokeo ya chuo kikuu ndiyo ijaza ya leo. Mpwa wangu alikwenda kwa sheikh wa pili bila ijaza, na mimi ndiye niliyemtuma.

Hata katika elimu ya ufundi, wazee wetu walihama. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, udaktari ulisomwa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Kijana wa Tanga aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na budi kuvuka mpaka. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 tu. Na kabla ya hapo, jirani zetu wa Mombasa walikuwa na chuo cha ufundi kilichowekwa mahsusi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kikijulikana kwa kifupi kama MIOME. Kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango, miongoni mwao ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora, na wanafunzi wakaanza mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wale walifahamu kuwa ufundi ni katika fardhi kifaya, na umma usio na mafundi wake hubaki kuwategemea wengine.

TAMBUA KWANZA NI KIPI KISICHOKUFAA

Kijana anaposema "hapanifai", mzazi asikubali wala asikatae. Amuulize: ni kipi hasa? Majibu huwa ya namna nne, na kila moja ina dawa yake.

1. Tawi la uhandisi. Uhandisi ni mti wenye matawi mengi. Uhandisi wa ujenzi ni barabara, madaraja, majengo na bandari. Wa mitambo ni injini, mashine za viwanda na magari. Wa umeme ni kufua, kusafirisha na kugawa umeme. Wa elektroniki na mawasiliano ni simu na mitandao. Wa kemikali ni viwanda vya saruji, mafuta, sabuni na vyakula. Majina hukaribiana lakini masomo hutofautiana. Usisome jina la kozi peke yake. Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne, kisha tazama hasa mwaka wa tatu na wa nne. Hapo ndipo kozi inapoonesha sura yake. Lau tungeitazama orodha ile mwaka 2018, tusingefika tulikofika.

2. Chuo. Kozi ni ile ile aitakayo, lakini karakana haina vifaa, au walimu ni wachache, au ada imepanda. Hapa kijana hahitaji kubadili kozi, anahitaji kuhama chuo.

3. Ngazi. Wapo wanaopenda kazi ya mikono kuliko mahesabu marefu ya shahada. Huyu huenda angefaa zaidi stashahada katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza mwaka 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978. Kutoka stashahada njia ya kwenda shahada haijafungwa. Kwa miaka ya karibuni kima cha chini cha kujiunga kwa njia hiyo kimekuwa wastani wa 3.0.

4. Nafsi yenyewe. Upweke, chakula kibaya, mpenzi, kufeli somo moja, au kukosa watu wa kuswali nao. Haya hayaponi kwa kuhama. Kijana akihama nayo, atayakuta yamemtangulia getini. Dawa yake ni kuzungumza na mlezi, kutafuta jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu chuoni, na kuongeza juhudi.

WAKATI NI NUSU YA MAMBO

Sisi Watanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Kwenye vyuo msemo huo haufai. Lakini kuchelewa nako kuna hasara yake, na sababu yake ni hii.

Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu wa Tanzania krediti moja ni sawa na takriban saa 10 za kujifunza: kuhudhuria darasani, kufanya mazoezi, karakana na kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, hivyo shahada ya uhandisi ya miaka minne ni krediti 480. Anayehama huomba chuo kipya kizitambue krediti alizokwisha kuzipata. Chuo hulinganisha somo kwa somo: je, maudhui yanafanana? Uzito unalingana? Amefaulu kwa kiwango gani? Somo lisilo na mwenzake katika kozi mpya halihesabiwi, hata kama alipata alama A.

Sasa tazama. Mwaka wa kwanza matawi mengi ya uhandisi husoma mambo yanayokaribiana: hisabati, mekanika, michoro ya kihandisi, misingi ya umeme, kompyuta na stadi za mawasiliano. Anayehama mapema hubeba mengi. Mwaka wa pili njia huanza kuachana. Mwaka wa tatu wa ujenzi anasoma zege na udongo, wa umeme anasoma mashine za umeme, na hawana la kupeana. Ni kama madau mawili yaliyotoka Pangani pamoja: mwanzoni unaweza kuruka kutoka moja kwenda jingine, lakini yakishafika kina kirefu kila moja na mkondo wake, anayeruka huangukia baharini.

Kwa hiyo kijana aliyegundua katika wiki za mwanzo kuwa kozi siyo, aseme siku hiyo hiyo. Kunyamaza miaka miwili kwa kuwaonea haya wazazi si adabu, ni hasara kwake na kwao.

MLANGO WA KUPITIA

Msimamizi wa vyuo vikuu nchini ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi ya kujiunga yalipitia mfumo mmoja wa Tume. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja chuoni, nayo Tume husimamia. Kila mwaka baada ya udahili hutolewa tangazo la uhamisho lenye tarehe zake. Tarehe hizo zisomwe katika tangazo la mwaka husika, wala si kwa kuambiwa na rafiki. Hatua ni hizi:

1. Linganisha sifa zako na kozi unayoitaka. Kuhama hakufuti masharti ya kuingia. Kwa uhandisi mara nyingi hutakiwa ufaulu wa daraja la juu katika Hisabati na Fizikia za kidato cha sita. Uhandisi wa kemikali huhitaji na Kemia. Aliyekosa sifa mlango wa mbele hazipati kwa mlango wa uhamisho.

2. Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na TCU. Kisha uliza kama shahada hiyo inakubaliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, hufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu, kwa kawaida miaka 3, ndipo huomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada isiyokubaliwa na Bodi humwacha njiani baada ya jasho lote.

3. Uliza kama nafasi ipo. Kozi ikijaa imejaa.

4. Andika barua kwa chuo ulichopo, ukieleza sababu ya kweli, upate idhini. Usiondoke kabla ya jibu.

5. Kusanya ijaza zako: karatasi ya matokeo, maelezo ya kila somo ulilosoma, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na uthibitisho kuwa hudaiwi.

6. Pata barua ya chuo kipya inayotaja kwa maandishi utaanza mwaka wa ngapi na krediti zipi zimekubaliwa. Ahadi ya mdomo ofisini haitoshi.

Ifahamike pia kuwa aliyeondolewa chuoni kwa kufeli mitihani hahesabiwi kuwa anahama. Huyo huomba upya kama waombaji wengine.

Nitoe mfano wa upande wa pili. Binti mmoja aliyepitia darasa letu alipangiwa uhandisi wa ujenzi naye akitaka wa mitambo. Alipiga simu nyumbani wiki ya pili tu. Safari hii sikutoa fatwa ya uhandisi. Nilimpeleka baba yake kwa mhandisi mmoja anayeswali msikiti wetu, akawaonesha orodha ya masomo na tangazo la uhamisho. Ruhusa ikapatikana ndani ya muda, naye hakupoteza hata muhula mmoja.

KUHUSU MKOPO

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wengi hudhani mkopo humfuata mwanafunzi kama kivuli. Sivyo. Mkopo umefungwa na chuo na kozi, hivyo anayehama hapana budi ahakikishe vyuo vyote viwili na Bodi wamejulishwa. Aliyekatisha masomo akaanza upya pengine, miongozo ya Bodi kwa miaka kadhaa imekuwa ikimtaka arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichokopeshwa kabla ya kuomba tena. Kwa familia ya mkulima wa minazi hiyo si fedha ndogo. Mpwa wangu hakuweza.

Wazazi wengi huuliza pia juu ya riba. Zamani mkopo huu ulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, na Waislamu wengi waliukwepa kwa sababu hiyo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Hata hivyo kila mtu asome mkataba wa mwaka wake kabla ya kutia saini, na penye shaka awaulize masheikh waliobobea katika fiqhi ya mali.

UPANDE WA DINI

Kwanza, istikhara haichukui nafasi ya kuuliza. Sunna ni kuswali istikhara na kutaka ushauri kwa wajuzi. Mimi nilikuwa na stashahada ya elimu ya dini, nikajibu jambo la uhandisi kwa kuwa nimezoea kuulizwa. Kusema "sijui, twende kwa anayejua" ni katika elimu.

Pili, tusihame kwa uongo. Kuna vijana wanaotafuta barua za ugonjwa wasiougua ili wakubaliwe uhamisho. Huo ni ushahidi wa uongo, na elimu iliyoanzia hapo baraka zake zitatoka wapi? Mhandisi ni mtu wa amana. Watu watapita juu ya daraja lake.

Tatu, deni ni deni. Kutoroka ada ya chuo, hata kama chuo kile hukukipenda, ni kubeba haki ya mtu.

Nne, mazingira ya ibada yazingatiwe. Ulizeni mapema pa kuswalia, mabweni ya mabinti, na chakula cha Ramadhani. Lakini yasiwe kisingizio cha kumzuia binti mwenye uwezo kwa sababu tu chuo kiko mbali.

NENO KWA WAZAZI

Hapa kwetu kazi za wahandisi tunaziona kwa macho: bandari ya Tanga iliyoongezwa kina, viwanda vya saruji, umeme wa Hale na Pangani, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Watoto wa madrasa hii wana haki ya kuwa miongoni mwa wanaosimamia kazi hizo, wasiwe walinzi wa getini tu. Basi mtoto akikuambia kozi haimfai, usimkaripie. Kaa naye, mwombe orodha ya masomo, mtafuteni mjuzi, na mwende mlangoni mapema mkiwa na karatasi mkononi.

Mpwa wangu sasa yupo kazini katika fani aliyoipenda, akiwa chini ya mhandisi mzoefu. Mshahara wake wa kwanza alimletea mama yake bangili mbili. Si zile za bibi, zile zimekwenda. Dada alizivaa, akaniangalia, akacheka. Namuomba Allah anisamehe, na anijaalie nisiwe tena na haraka ya kujibu nisilolijua.

Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na riziki ya halali, na aijaalie madrasa yetu itoe wanazuoni na wahandisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.